Watu Wawili wa Kujitolea, Ubao Mmoja

Ukiingia kwenye ofisi ya walimu ya shule ya bweni inayolea watoto wa mazingira magumu, popote kati ya Ilula na Tukuyu, si ajabu kukuta watu wawili wanaoitwa wa kujitolea. Wa kwanza ni binti wa miaka ishirini na sita. Ana shahada ya ualimu kutoka chuo cha Mkwawa, vyeti vyake viko kwenye bahasha ya kaki, na kila mwisho wa mwezi hupewa posho ambayo mkuu wa shule huitaja kwa sauti ya chini. Wa pili ana miaka kumi na tisa, amemaliza sekondari kwao Bavaria au Minnesota, hajawahi kusimama mbele ya darasa, na amelipa pesa, au amelipiwa na serikali yake, ili awe pale. Binti amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Kijana amewekewa meza.

Sina ugomvi na kijana huyo. Mara nyingi ni mtu mpole, anaamka kabla ya kengele, anakula makande bila kununa, na siku ya kuondoka analia kwelikweli. Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyolijadili jambo lake. Wanaomsifu wanapima moyo wake, na wanaomponda wanapima rangi yake na historia ya babu zake. Wote wawili wanaliacha swali ambalo mzazi yeyote angeuliza kwanza: nani alimwomba aje, aje kufanya kazi gani, na asingekuja kazi hiyo angeifanya nani?

Nyanda za Juu Kusini hazikuanza jana kupokea wageni wa aina hii. Mwaka 1891, mwaka uleule Wahehe wa chifu Mkwawa walipowapiga Wajerumani pale Lugalo, Wamoraviani walijenga misheni yao Rungwe, na Walutheri wa Misheni ya Berlin wakatua jirani nao katika nchi ya Wanyakyusa. Wakatoliki wakaja kushika Tosamaganga. Kila penye kanisa pakawa na shule, na pembeni ya shule bweni, maana mmisionari aliamini kwamba mtoto anayerudi kwao kila jioni kesho yake huja na mambo ya kwao. Waingereza nao walipofungua shule ya Malangali mwaka 1928 walijaribu njia nyingine: bweni lilelile, ila wazee wa kabila waliitwa waje wafundishe mila na desturi humohumo shuleni. Jaribio lile halikudumu, lakini hadi leo Malangali ni jina zito kwa wasomi wa Iringa.

Halafu kuna shule ambayo haitajwi sana katika habari hizi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga Iringa mjini shule ya bweni ya St. Michael's and St. George's kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Baada ya uhuru ikawa Mkwawa High School, na leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilekile kilichomtoa yule binti wa bahasha ya kaki. Jiulize kama kuna mzazi hata mmoja wa St. Michael's ambaye angeridhika kuambiwa kwamba hesabu za mwanawe muhula huu zitafundishwa na kijana aliyemaliza shule juzi, asiyejua lugha ya watoto, atakayeondoka baada ya wiki sita. Angemwondoa mwanawe siku hiyohiyo. Mtoto wa fukara anafundishwa hivyo na sisi tunapiga makofi, kwa sababu tunaamini asiye na kitu apewacho ni chema.

Uhuru ulileta mgeni wa namna nyingine, kijana wa kujitolea asiye mmisionari. VSO ya Uingereza na Peace Corps ya Marekani zilifika Tanganyika mwaka 1961, bendera ya mkoloni ikiwa bado haijashuka. Nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa walimu wa sekondari, na wageni hao waliziba pengo la kweli. Hata hivyo mwaka 1969 Peace Corps waliondoka. Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea miaka miwili kabla, na ilikuwa vigumu kueleza kwa nini elimu ya kujitegemea ishikwe na vijana wa taifa kubwa lililokuwa likipigana Vietnam. Walirudi mwaka 1979, na kwa miaka mingi wamekuwa wakifundisha sayansi na hisabati katika sekondari za serikali. Njombe, Iringa na Mbeya zinawajua vizuri.

Hao wa Peace Corps si sawa na kijana wa likizo, hata kama wote wawili wanabeba begi la mgongoni. Mwalimu wa Peace Corps huja kwa makubaliano na serikali, hufundishwa Kiswahili na kazi kwa zaidi ya miezi miwili kabla ya kupangiwa kituo, hukaa miaka miwili, hulala kwenye nyumba ya mwalimu isiyo na maji ya bomba, na anaripoti kwa mkuu wa shule kama mwalimu mwingine yeyote. Anaweza kuwa mwalimu mbaya, kama wetu wanavyoweza kuwa wabaya. Lakini ana muda wa kuonekana kwamba ni mbaya. Wa wiki sita hana.

Kilichofungua mlango kwa wa wiki sita ni ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulionyesha maambukizi ya asilimia 5.1 kwa nchi nzima. Njombe ilikuwa 14.8, Iringa 9.1, Mbeya 9.0. Barabara kuu ya Zambia na malori yake, vibarua wa mashamba ya chai na misitu ya Mufindi, mipaka ya Tunduma na Kasumulu, vyote vilichangia. Katika vijiji vya Makete na Mufindi kizazi cha katikati kilikatika, bibi wa miaka sabini akabaki na wajukuu watano. Ndugu walijitahidi, lakini ndugu nao walikuwa wanazika. Makanisa, mashirika na watu binafsi wakajenga makao, na pale makao yalipoonekana hayatoshi wakajenga shule za bweni: za yatima, za wasichana walionusurika kupelekwa mjini kuwa wadada wa kazi, za watoto wenye ulemavu waliokuwa wakifungiwa ndani. Wafadhili walikuwa mbali. Walitaka kuona. Wakaanza kutuma watoto wao waje waone.

Hapa ndipo jambo lote lilipo, na ndipo tunapopapita haraka. Mgeni wa kujitolea ni pesa kwanza, na mikono baadaye. Mkuu wa shule analijua hilo kuliko mtu yeyote. Anajua kwamba kijana huyu akirudi kwao atasimama kanisani kwake, ataonyesha picha za watoto, na mwaka kesho litakuja tangi la maji, magodoro, au ada ya watoto sita hadi kidato cha nne. Hivyo hawezi kumwambia kwamba masomo yake hayana msaada. Hawezi hata kumwambia asichelewe. Kila anayesimamia shule ya namna hii amewahi kusikia mazungumzo kama haya kati ya matroni na mkuu wake:

"Mkuu, huyu mgeni mpya tumpangie wapi?"

"Mpangie darasa la tatu, mama. La nne lina mtihani wa taifa."

Sentensi hiyo ina tathmini nzima ya kujitolea kwa kigeni. Mkuu amekwishapima thamani ya mwalimu aliyeletewa, akamweka mahali ambapo hasara yake haitaonekana kwenye matokeo. Darasa la tatu ndilo linalolipa gharama ya tangi la maji.

Tazama kinachotokea darasani humo. Mwalimu wetu yeyote, hata mvivu, ana azimio la kazi la muhula na andalio la somo la siku. Anajua wiki iliyopita waliishia wapi, na mkaguzi akija atamwuliza. Mgeni hakuachiwa karatasi yoyote na mgeni aliyemtangulia, kwa hiyo anaanzia pale kila mtu anapoanzia: majina, rangi, sehemu za mwili, wimbo wa kichwa na mabega. Watoto wameuimba wimbo huo na Wadachi wa Februari na Waingereza wa Juni. Wanauimba tena kwa nguvu, kwa adabu, wakimtazama usoni waone kama amefurahi, kwa sababu wameshajifunza somo ambalo halimo kwenye mtaala wowote: mgeni akifurahi, jioni kuna biskuti. Mtoto akiulizwa kilichofundishwa mwaka mzima katika Kiingereza anaweza kukuonyesha goti lake kwa ufasaha mkubwa.

Na lugha si jambo dogo. Shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili. Mgeni asiyekijua hawezi kufundisha maarifa wala hesabu, na hata hicho Kiingereza anakifundisha bila kuweza kueleza kosa limetoka wapi. Hajui kwamba mtoto anayesema sentensi fulani anafuata sarufi ya Kiswahili au ya Kihehe. Yule binti anajua, alisomea. Ila kipindi amepewa mgeni, na yeye amepewa madaftari ya kusahihisha.

Kuhusu binti huyo kuna takwimu ya kuuma. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ilisema kwamba nafasi za ualimu zipatazo 14,648 zilikuwa zimeombwa na watu zaidi ya laki mbili. Yaani kwa kila anayeajiriwa, wapo zaidi ya kumi wenye sifa waliobaki mtaani, wanauza vocha, wanaendesha bodaboda, au wanajitolea kwenye shule za kata kwa posho inayochangwa na wazazi. Hoja ya mwaka 1961, kwamba hatuna walimu, imekufa. Tuna walimu, tusichokuwa nacho ni mishahara yao. Tuseme shule inampa wa kwetu wa kujitolea shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi kati ya Ulaya na Dar es Salaam haishuki sana chini ya milioni mbili. Tiketi peke yake, kabla ya ada ya shirika lililompanga, chanjo, viza na safari ya Ruaha mwishoni mwa wiki, ingemweka binti huyo darasani mwaka mzima.

Nasikia jibu, na ni jibu la kweli: pesa hiyo isingekuja bila safari. Watu hutoa kwa walichokigusa. Mama wa Minnesota hatachangia mshahara wa mwalimu asiyemjua katika wilaya asiyoweza kuitamka. Atachangia akimwona mwanawe kwenye picha na watoto. Sidhani ni sawa kumcheka kwa hilo, maana hata sisi michango ya harusi tunaitoa kwa mtu tunayemfahamu. Lakini kama safari ndiyo bei ya mchango, basi tuiite safari. Kinachoharibu ni kuuvalisha utalii koti la ualimu, kwa sababu koti hilo lina mtu wa kulivaa.

Iringa yenyewe ina mifano ya kuvitenga vitu hivi viwili. Dayosisi ya Iringa ya KKKT na sinodi ya St. Paul ya Walutheri wa Marekani zimekuwa na ushirika unaoitwa Bega kwa Bega tangu mwaka 1987. Usharika wa huku una usharika mwenzake wa kule. Wageni wanakuja, wanalakiwa kwa nyimbo, wanalala kwa wenyeji, wanakula kuku, wanasali, wanaondoka. Wanakuja kama ndugu waliotembelea ndugu. Ada za wanafunzi wa sekondari zinapitia kwenye ofisi, kwa majina na matokeo, si mkononi mwa mgeni aliyempenda mtoto mmoja zaidi ya wenzake. Mpango huo nao una kasoro zake, kwani popote penye mwenye nacho na asiye nacho mmoja huongea kidogo. Ila darasa linabaki la mwalimu.

Mfano wa pili ni Neema Crafts, karakana ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, hapo Iringa mjini. Ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo kuna ushonaji, ufumaji, shanga, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi na mteja huandika anachotaka kula. Wageni wamepita wengi pale, lakini waliofaa walikuwa na kitu mkononi: fundi wa vyombo vya udongo, mtaalamu wa viungo, mtu wa mahesabu. Walikifundisha kwa Mtanzania, naye akabaki nacho. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo inadai mgeni awe anajua kulima, na kwamba jembe analopewa si lile ambalo mwenyeji alikuwa analitumia kumlisha mtoto.

Pommern, kijiji cha Kilolo kilichobaki na jina la Kijerumani na jumba la misheni la zamani, kina historia yake ndefu ya makundi ya Wamarekani wa Global Volunteers waliokuwa wakifika kwa wiki mbili tatu kufundisha katika sekondari ya Kilutheri. Baadaye shirika hilo likaweka nguvu zake Ipalamwa, kwenye lishe na afya ya mama na mtoto. Huko Mufindi, Igoda, kipo kijiji cha watoto ambako watoto wanaishi kwenye nyumba ndogo na mama wa nyumba, si kwenye bweni kubwa la vitanda sitini, na wageni wanaofika wanawakuta watoto wakiwa na mtu wao tayari. Mpangilio huo mdogo wa nyumba unafanya kazi ambayo mgeni, hata awe mwema kiasi gani, hawezi kuifanya: unampa mtoto mtu asiyeondoka.

Hilo linatuleta kwenye bweni lenyewe, na hapa nadhani shida inazidi ya darasani. Mtoto aliyepoteza wazazi, au aliyeachwa, hujifunza haraka kuwapenda wageni. Anamrukia mtu asiyemjua, anamshika mkono, anakaa mapajani. Mgeni anaona upendo na anaandika kwao kwamba watoto hawa wana furaha ya ajabu ingawa hawana kitu. Walezi wenye uzoefu huona kitu kingine: mtoto anayemkimbilia kila mtu mara nyingi hana mtu. Mtoto wa miaka minne anayelelewa na bibi yake Makambako hujificha nyuma ya kanga ya bibi anapomwona mzungu, na huko kujificha ndiko afya. Ukimpa mtoto wa bweni rafiki mpya kila baada ya wiki sita, kisha ukamwondoa, unamrudishia jambo lilelile lililomleta bwenini. Mwezi wa tisa usiku matroni ndiye anayebadilisha shuka za waliokojoa, mgeni wa mwezi wa nane akiwa ameshafika chuo.

Serikali yetu yenyewe imeanza kulitilia bweni shaka. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa hoja kwamba umri huo ni wa kulelewa na familia. Wazazi wa mjini walilalamika sana. Walikuwa wamezoea kulipa ili wapate nafasi ya kufanya kazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inayachukulia makao kama kimbilio la mwisho, na Ustawi wa Jamii wana utaratibu wa malezi ya kambo na wa watu wa kuaminika wanaomchukua mtoto kwa muda. Utaratibu huo una njaa ya fedha na ya maafisa. Huko Ilula, kwa mfano, Ilula Orphan Program imekuwa ikisaidia watoto wanaoishi na familia za walezi, na hakuna mgeni anayepiga picha za mlezi akisaini daftari la mahindi. Picha nzuri iko bwenini, ambako watoto themanini wamevaa sweta za rangi moja, na pesa hufuata picha.

Jirani zetu wamekwenda mbali zaidi. Novemba 2017 Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, kwa sababu biashara ya kukusanya watoto ili kuvutia wafadhili ilikuwa imeonekana wazi. Bunge la Australia liliujadili usafirishaji wa watoto kwa ajili ya vituo vya yatima lilipotunga sheria yake ya utumwa mamboleo ya mwaka 2018. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake la haki za mtoto, lilitaja madhara ya utalii na kujitolea katika vituo vya yatima. Yapo na ya kutisha zaidi: mahakama za Marekani zimewafunga raia wao, mmoja kijana wa Oklahoma aliyejitolea kwenye kituo cha Nairobi, mwingine mmisionari aliyefungua makao huko Bomet, kwa kuwanajisi watoto waliokuwa chini ya uangalizi wao. Hukumu ya kijana yule ilikuwa miaka arobaini. Hatari hii haina rangi. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kumi wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na waliowafanyia walikuwa watu wetu. Lakini ni mgeni tu anayeingia bwenini siku aliyoshuka kwenye basi, bila mtu kujua alikotoka. Huko kwao anayetaka kufundisha mpira watoto wa mtaa huombwa hati ya polisi. Hapa anaombwa jina lake, atie sahihi kitabu cha wageni.

Kisheria mambo si mepesi kama tunavyoyachukulia. Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata isiyo na mshahara. Wa kujitolea anapaswa kuwa na kibali, na kwa anayekaa muda mrefu ni kibali cha ukaazi cha daraja C. Maafisa wa Uhamiaji wakitembelea, wageni wengi wa muda mfupi hugeuka ghafla kuwa watalii waliopita kusalimia. Mkuu wa shule anayefanya hivyo hafundishi watoto uraia mwema, lakini pia hakuna aliyemsaidia kuelewa utaratibu ambao gharama yake kwa shule ndogo ni nzito.

Mwezi Machi 2020 tulipata jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya. Kwa ajili ya korona, Peace Corps waliwaondoa watu wao duniani kote, Wajerumani wakawaita vijana wao, na wale wa likizo hawakuja. Shule zilipofunguliwa Juni, vipindi viliendelea. Darasa la tatu halikukosa mwalimu. Kilichokosekana ni mchango wa magodoro. Sioni njia ya wazi zaidi ya kuonyesha mgeni alikuwa analeta nini.

Wajerumani wanastahili sifa kwa jambo moja. Mpango wao wa weltwärts, unaoendeshwa kwa fedha za serikali tangu mwaka 2008 na kuwaleta vijana wa miaka 18 hadi 28, mara nyingi kwa mwaka mzima, mwaka 2013 ulifungua mlango wa pili: vijana wa huku nao wanakwenda Ujerumani kujitolea. Kijana wa Mbeya anayekwenda huko anapelekwa chekechea au kwenye nyumba ya wazee. Kwanza anafundishwa Kijerumani. Anapewa msimamizi. Anakung'uta theluji kwenye buti za watoto, anapanga vikombe, anasoma kitabu cha picha huku mwalimu mwenyewe yuko chumbani. Hakuna anayewaza kumwachia darasa la watoto wa Leipzig peke yake, na yeye mwenyewe angeshangaa. Huo ndio ukubwa halisi wa kazi ya kijana wa miaka kumi na tisa ugenini: msaidizi, mwanafunzi wa kazi, mtu wa kupanga vikombe. Nafasi hiyo si ya aibu. Ingekuwa hivyohivyo Uyole, kijana angejifunza mengi na asingeharibu kitu.

Maana yake kwa vitendo ni kwamba kila kipindi kwenye ratiba kiwe na jina la mwalimu wa Kitanzania, na mgeni awe pembeni yake. Bwenini asiingie, kwa sababu hata baba mzazi haruhusiwi kuingia bweni la wasichana. Barua ya mwaliko itaje kazi moja, lugha, muda usiopungua muhula, hati ya polisi ya nchi yake, na kiasi kitakacholipia posho ya mwalimu atakayefanya naye kazi. Asiyeweza kukaa muhula aje kutembea, alale kwa mwenyeji, atazame mpira na watoto Jumamosi, na akitaka kuchanga achangie kwenye akaunti ya shule kama wazazi wengine.

Wapo watakaokataa masharti hayo, na ndipo mkuu wa shule anapokwama. Ana deni la mahindi dukani, mvua zinakaribia, paa la jiko linavuja. Akimkatalia mgeni, mgeni atakwenda kwenye kituo cha jirani kisichouliza chochote, na tangi la maji litajengwa huko. Shule moja haiwezi kuushinda ushindani huo. Dayosisi zinaweza, kwa kuwa ndizo zenye shule nyingi na ndizo zinazopokea barua za kwanza kutoka Ujerumani na Marekani. Na halmashauri zinaweza, kupitia maafisa wa ustawi na wa elimu wanaozikagua shule hizo tayari. Kama Walutheri, Wamoraviani, Waanglikana na Wakatoliki wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe wangeandika karatasi moja ya masharti na kuikataa kwa pamoja pesa inayokuja kinyume chake, wa wiki sita wangepungua mwaka wa kwanza, na baadhi ya fedha zingepungua nao. Ziko shule zitakazofunga bweni kwa sababu hiyo. Baadhi yake zilipaswa kufungwa zamani, watoto wakarudi kwa bibi zao na gunia la mahindi la kila mwezi, ambalo bei yake ni ndogo kuliko kitanda.